Vitabu Vinavyotembea: Kazi za Maktaba Zisizojulikana na Wengi



Habari ninayowaletea leo ni habari ya maktaba. Najua baadhi yenu mtasema, "Maktaba yanihusu nini mimi? Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi, na maktaba ni nyumba ya wanafunzi wanaongoja mtihani." Maneno hayo nimeyasikia Mbeya, nimeyasikia na Iringa. Wala sioni aibu kukiri kwamba mimi mwenyewe, ingawa ni mwalimu katika chuo cha ualimu, nilikuwa na fikira zizo hizo kwa miaka mingi. Nilikuwa nikipita mlangoni pa maktaba ya mkoa, nikichungulia ndani, nikiwaona vijana wameinamia madaftari yao, kisha nikienda zangu. Nilidhani nimekwisha kuona yote yaliyomo. Lakini mgeni aliyeona baraza ya nyumba hajaona ghala wala jiko.

Nataka kuwaonyesha kwamba katika nchi yetu kazi kubwa ya maktaba haikuwa kuwangojea watu waje kwenye vitabu. Ilikuwa kuvitoa vitabu nje na kuvipeleka kwa watu. Kila kazi hiyo ilipofanywa, elimu ilikaa. Kila ilipoachwa, elimu iliyokwisha kupatikana kwa jasho ilipotea tena. Basi hili si jambo la wanafunzi peke yao.

Kwanza tutazame siku za zamani. Nyanda zetu za Juu za Kusini ni nchi ya milima na ya masafa. Kutoka Mbeya hata Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na katikati kuna Chimala, Makambako na Mafinga, na kila upande wa barabara kuna vijiji ambavyo mvua za masika huvifungia njia. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, kitabu kilikuwa mzigo wa kubebwa kichwani. Walianzisha shule na kuwafundisha watu kusoma, lakini vitabu vilikuwa vichache, na aghalabu vilikuwa vya kufundishia tu. Mtu aliyekwisha kujua kusoma hakuwa na cha kusoma ila kile kile alichojifunzia.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kupiga chapa gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Tazameni watu walivyolitumia. Gazeti moja lilisomwa na wengi, na wasiojua kusoma walisomewa. Mwalimu au karani aliketi kivulini, watu wakamzunguka, naye akasoma habari za mazao, za nchi za mbali, na mashairi ya watunzi wa pwani. Hapakuwa na maktaba mahali hapo, lakini kazi ya maktaba ilikuwa imekwisha kuanza, maana kazi hiyo ni kufanya maandishi machache yawafikie watu wengi.

Nyumba za vitabu zilikuwako pia siku hizo, lakini si kwa kila mtu. Mjini Nairobi maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, nyumba nzuri yenye nguzo na sanamu za simba mlangoni, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake na kusoma mpaka miaka ya 1950 ilipokaribia mwisho. Hapo twajifunza kwamba nyumba kuwa nzuri na vitabu kuwa vingi si kipimo cha maktaba. Tuulize kwanza: mlango umefunguliwa kwa nani?

Mwaka 1948 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Zanzibar, zilipata chombo kimoja cha kushughulikia maandiko, ndicho Shirika la Maandiko la Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Charles Richards. Shirika hili lilichapisha vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine, lakini wakuu wake waliona upesi kwamba kuchapisha hakutoshi. Kitabu kikikaa dukani mjini, mtu wa kijijini atakijuaje? Kwa hiyo wakaanzisha mambo mawili yafaayo kukumbukwa.

La kwanza lilikuwa sanduku la vitabu. Vitabu vilichaguliwa, vikapangwa katika sanduku, likapelekwa mahali watu wanapokutana, likawekwa chini ya mtunzaji. Watu wa mahali pale wakaazima. Vikiisha kusomwa, hurudishwa, na sanduku lenye vitabu vingine huja mahali pake. La pili lilikuwa maktaba ya posta. Msomaji aliyekaa mbali aliandika barua, akakitaja kitabu anachokitaka, nacho kikaletwa kwa posta. Akimaliza, hukirudisha kwa njia ile ile. Fikirini maana yake kwa mwalimu aliyekuwa peke yake katika shule ya mlimani. Hakuna maktaba karibu naye, wala duka la vitabu, lakini posta ikifika, maktaba imefika.

Mwaka 1960 Bwana S. W. Hockey, aliyekuwa akisimamia mambo ya maktaba katika Shirika hilo, aliandika taarifa akashauri kwamba kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba iliyowekwa kwa sheria. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru ilifuata shauri hilo, na mwaka 1963 ikatunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Kisha zikafuata maktaba za mikoa, na Mbeya na Iringa zimo katika hesabu hiyo.

Mwaka 1975 ilitungwa sheria mpya kuchukua mahali pa ile ya 1963. Wengi hudhani sheria ya maktaba husema juu ya nyumba na vitabu tu. Sivyo. Sheria ile iliipa Bodi kazi ya kusaidia katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma, kazi ya kukuza maandiko ya Watanzania wenyewe, na kazi ya kuwafundisha watu utunzaji wa vitabu. Yaani mkulima asiyejua kusoma, mzee mwenye hadithi asiyejua atazichapishaje, na mwalimu mwenye vitabu vilivyorundikwa kabatini, wote watatu wametajwa katika kazi za maktaba tangu mwaka ule, ingawa wengi wao hawajui.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyo nzito. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimia kwamba kufikia mwisho wa 1975 watu wazima wote wajue kusoma na kuandika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonekana kwamba karibu watu wazima 2 katika kila 3 hawakujua kusoma. Basi madarasa yalifunguliwa kila mahali, shuleni, chini ya miti, na katika nyumba za ibada. Walimu hawakutosha, ikawa aliyejua kidogo amfundishe asiyejua kabisa. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa kwanza wa nchi nzima, na wasiojua kusoma walikuwa wamepungua mpaka watu 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila 100. Nchi chache sana za dunia zimepata kufanya jambo kama hilo kwa muda mfupi hivyo.

Redio nayo ilishiriki. Mwaka 1973 palikuwa na vipindi vya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kipindi hicho, kisha wakazungumza, na mwisho wakashika majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka nyasi karibu na nyumba, wakasafisha visima. Angalieni mpango ulivyokuwa: sauti, kisha maandishi, kisha mazungumzo, kisha kazi. Kimoja kikiondolewa, vilivyobaki hulegea. Sauti ya redio hupita kama upepo. Maandishi ndiyo yanayobaki mkononi, na kesho mtu aweza kuyarudia.

Wenye kupanga mambo hayo walijua hatari moja. Mtu mzima aliyejifunza kusoma juzi ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni. Ukiachwa bila maji wiki ya kwanza, utanyauka, hata kama ulipandwa vizuri. Maji ya msomaji mpya ni kitu cha kusoma: kitabu chepesi, gazeti lenye herufi kubwa, habari zinazomhusu. Kwa sababu hiyo zilianzishwa maktaba za vijijini, moja katika kila kata kadiri ilivyowezekana, zikafika maelfu nchini. Nyingine ziliwekwa katika ofisi ya chama, nyingine katika chumba cha shule au cha zahanati, chini ya mtu wa kijiji aliyefundishwa kidogo. Tena palianzishwa magazeti ya vijijini. La kwanza, Elimu Haina Mwisho, lilitolewa Mwanza mwaka 1974.

Je, ikawaje baadaye? Nitawapa jibu kwa habari ya nyumbani kwetu.

Babu yangu, mkulima wa upande wa Mufindi, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima wakati wa kampeni ile. Alifaulu mtihani, akapewa cheti. Alikifanyia fremu ya mbao kwa mkono wake mwenyewe, akakitundika ukutani juu ya kiti chake, na kila mgeni alionyeshwa. Nami nilipokuwa darasa la nne, katika miaka ya 1990, babu aliniita jioni moja akaniambia, "Mjukuu wangu, njoo unisomee maandishi ya mfuko huu wa mbolea." Nikadhani macho yamemzidia. Nikamsomea. Siku nyingine akaniletea barua. Siku nyingine tena, kwa utoto wangu, nikamwuliza, "Babu, mbona cheti chako kinasema unajua kusoma?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kinasema hivyo? Basi nisomee nacho."

Sijapata kuyasahau maneno yale. Cheti kilikuwa ukutani miaka yote, naye hakuweza tena kukisoma.

Nilipokua nilimwuliza ilikuwaje. Akanieleza kwamba kwenye kata yao palikuwa na maktaba, ndiyo kabati moja la vitabu. Mwanzoni alikwenda kila baada ya soko. Akasoma habari za nyuki, na za ugonjwa wa kuku, na hadithi. Baadaye vitabu vikawa vile vile, mwaka hata mwaka. Mtunzaji akahama, wala hakuletwa mwingine. Ufunguo ukawa kwa mtu asiyekuwapo. Siku lilipofunguliwa tena, mchwa walikuwa wamekwisha kusoma vyote kabla ya watu. Babu hakununua kitabu, maana hakuwa na fedha, na mjini ni mbali. Basi herufi zikamtoka moja moja, kama punje zinavyotoka katika gunia lililotoboka, na mwenye gunia hajui mpaka afike nyumbani.

Wala babu hakuwa peke yake. Miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki kwa nchi. Karatasi ilikuwa adimu, petroli ilikuwa adimu, na fedha za kupeleka vitabu vijijini hazikuonekana. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Mtahiniwa wa kampeni na mtu aulizwaye na karani wa sensa hawapimwi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo tusilinganishe hesabu hizi kama mtu alinganishavyo debe na debe. Na si wote hao waliosahau; wengine walikuwa vijana ambao hawakupata shule. Lakini aliyewaona wazee wa vijijini miaka ile ajua kwamba wengi walikuwa kama babu. Kufundisha kulifanywa, tena kwa ushujaa. Kulisha ndiko kulikokatika.

Basi sasa tuingie katika maktaba ya mkoa, tupite barazani, tutazame ghala. Nitawatajia kazi zake ambazo wengi hawazijui, nikieleza na jinsi ya kuzitumia.

Kazi ya kwanza ni kuazima. Yaonekana jambo dogo, lakini nimewahi kuwauliza walimu wanafunzi darasa zima, na walio wengi hawakujua kwamba mtu akiisha kujiandikisha na kutimiza masharti aweza kuondoka na kitabu mkononi akakisome kwake. Walidhani vitabu husomwa pale pale tu. Mtu wa kijijini aendaye mjini mara moja kwa mwezi kuuza mazao aweza kurudi na kitabu kama arudivyo na sukari. Na asimame mbele ya mkutubi bila hofu, maana maktaba ya umma ni ya kila mtu.

Kazi ya pili ni kumwonyesha mtu penye jambo analolitafuta. Vitabu vya maktaba havikupangwa ovyo wala kwa ukubwa. Vimepangwa kwa namba, kwa utaratibu uliotungwa na Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876, akigawanya elimu yote katika mafungu 10. Mkijua namba chache tu, maktaba haiwi pori tena. Kilimo ni 630. Wanyama wa kufugwa ni 636. Nyuki ni 638. Dawa na magonjwa ni 610. Sheria ni 340. Historia ya Tanzania ni 967.8. Mwanafunzi wa Kalenga atakaye kujua habari za Mtwa Mkwawa, vita vya Lugalo vya mwaka 1891, kifo chake mwaka 1898, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, aanzie kwenye namba hiyo ya mwisho. Namba imebandikwa mgongoni mwa kitabu. Na kama huzikumbuki namba, uliza. Kuulizwa ni sehemu ya kazi ya mkutubi, wala si kumsumbua.

Kazi ya tatu ni ya watoto. Maktaba za mikoa huwa na sehemu ya watoto, yenye vitabu vya picha na hadithi fupi. Mzazi asiyejua kusoma aweza kumpeleka mtoto, naye mtoto akajifunza kupenda kitabu kabla ya kujifunza kukiogopa. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vimeongezeka tangu mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao uliwasaidia waandishi na wachapishaji na kuzigawia shule vitabu. Kabla ya hapo mtoto wa Njombe au wa Rungwe alikuwa na kitabu cha darasa, na basi.

Kazi ya nne ni ushauri kwa shule, nayo ndiyo iliyonifungua macho mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua walimu wanafunzi katika shule moja ya kijijini. Nikaonyeshwa stoo. Ndani mlikuwa na maboksi ya vitabu vizuri, vimefungwa kwa kamba, vina vumbi. Nikamwuliza mwalimu mkuu kwa nini havitumiki. Akajibu kwa unyofu, "Mwalimu, nikivitoa vitapotea, na nitadaiwa mimi." Sikuweza kumlaumu. Hakuwa mvivu, hakuwa amefundishwa namna ya kuvitunza vitabu vikiwa mikononi mwa watoto.

Nikaenda maktaba ya mkoa, mara ya kwanza kwa shida yangu mwenyewe. Nikaambiwa kwamba kuzishauri shule namna ya kuanzisha na kuendesha maktaba ni kazi yao ya siku zote. Mkutubi akanieleza hatua. Fungueni rejista, kila kitabu kiandikwe mstari wake na kipewe namba yake. Kigongeni mhuri wa shule ndani, si juu ya jalada tu. Kitengeneze kila kitabu kadi, mtoto akiazima kadi ibaki na kitabu kiende. Chagueni watoto wawili wa kila darasa wawe wasaidizi. Kagueni kila mwisho wa muhula. Na kama chumba hakuna, akasema, tumieni sanduku, lizunguke darasa hata darasa.

Niliposikia neno "sanduku" nilicheka, nikakumbuka masanduku ya siku za Shirika la Maandiko. Shauri la zamani lilikuwa limehifadhiwa pale, likingoja mtu wa kuliuliza. Muhula uliofuata shule ile ilikuwa na sanduku linalozunguka. Vitabu viwili vilipotea, na kimoja kilitafunwa na mbuzi. Vingine vyote vilikuwapo, vimechakaa pembeni kama inavyopasa kitabu kuchakaa.

Kazi ya tano ni kuwafundisha watu ukutubi. Bodi ya maktaba ina chuo chake Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Mwalimu, karani wa halmashauri, au kijana aliyemaliza shule aweza kuuliza habari zake katika maktaba ya mkoa. Kijiji chenye mtu mmoja aliyefundishwa kutunza vitabu hakitapata yale yaliyolipata kabati la kata ya babu.

Kazi ya sita yawahusu wenye kuandika. Katika nyanda hizi kuna wazee wenye hadithi za Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa, na kuna vijana walioanza kuziandika. Kitabu kikichapwa hupewa namba yake ya kimataifa, inayokitambulisha duniani pote, na hapa nchini namba hiyo hutolewa na Bodi ya maktaba. Tena sheria humtaka mchapishaji apeleke nakala zihifadhiwe, ili kitabu kisipotee hata kama mwenyewe amekufa na nakala nyingine zimeliwa na panya. Mzee akifa bila kuandikwa, maktaba haiwezi kumrudisha. Akiandikwa, yaweza kumtunza.

Kazi ya saba ni ya siku hizi: baadhi ya maktaba zina kompyuta na mtandao wa intaneti, na Bodi ina vitabu visomwavyo kwa njia hiyo. Maktaba ya posta imepata njia isiyohitaji posta. Lakini si kila kijiji kina umeme na si kila mtu ana simu ya kufaa, kwa hiyo msiwaache wenye masanduku wakadhani kazi yao imekwisha.

Wenzetu wa nchi jirani wametufundisha jambo hilo. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kuwapakia ngamia vitabu kule Garissa, katika nchi kavu ya wafugaji ambamo gari hukwama mchangani na watu huhama pamoja na mifugo yao. Vitabu vilifungwa katika masanduku mgongoni mwa ngamia, na hema likachukuliwa pamoja navyo, watoto wakasomee kivulini. Na huko Uganda, karibu na Masaka, maktaba ya kijiji cha Kitengesa ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu katika shule. Baadaye ikapata nyumba yake. Wale walimtumia mnyama waliyekuwa naye, na hawa walianza na sanduku walilokuwa nalo. Hakuna aliyengoja jengo kubwa.

Basi wasikilizaji wangu, tufanye nini sisi wa Nyanda za Juu? Nitasema mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila kijiji au kila shule ichague mtu mmoja mwaminifu aendaye mjini mara kwa mara, ajiandikishe, awe mguu wa kijiji katika maktaba. Aulize maswali matatu: tunaazimaje, mnaweza kutushaurije, na ni vitabu gani vyepesi mlivyo navyo kwa watu wazima waliojifunza kusoma. Maktaba iliyo kimya aghalabu ni maktaba isiyoulizwa.

Pili, kitabu kikifika kijijini kisomwe kwa sauti, kama Mambo Leo lilivyosomwa. Baridi ya Juni na Julai yatuketisha sote karibu na moto tangu jua linapozama. Mtoto wa darasa la sita asome ukurasa mmoja, mzee afafanue, mama aulize. Asiyejua kusoma atasikia. Aliyeanza kusahau atakumbuka. Na mtoto atajua kwamba kusoma si adhabu ya mwalimu.

Tatu, tutunze. Mchwa, mvua na ufunguo uliopotea vimeharibu elimu nyingi kuliko ujinga wenyewe. Weka sanduku juu ya mawe, mbali na ukuta wa udongo. Ufunguo uwe na watu wawili. Rejista iwe moja, na isomwe mbele ya mkutano wa kijiji kama zisomwavyo hesabu za fedha.

Babu yangu aliishi miaka michache baada ya jioni ile ya mfuko wa mbolea. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba ningeweza kumrudishia herufi zake kwa kumletea kitabu kimoja chepesi kila mwezi na kuketi naye nusu saa. Kitabu cha nyuki kingetosha, maana alipenda nyuki. Alipofariki cheti kilishushwa ukutani, nami ninacho mpaka leo, ndani ya fremu ile ile. Huwaonyesha walimu wanafunzi wangu kila mwaka, nikawaambia: kumpa mtu cheti ni kazi ya siku moja, na kumpa cha kusoma ni kazi ya miaka yote.

Katika nyumba zenu mna wazee wenye vyeti kama kile. Wengine bado wanasoma. Wengine wanawaiteni jioni kusoma mifuko ya mbolea na chupa za dawa, wakisingizia macho. Msiwacheke wala msiwaulize kwa nini. Chukueni safari ya mjini, ingieni mlango ule mliouzoea kuupita, mwombeni mkutubi kitabu chenye herufi kubwa, mrudi nacho nyumbani.

Nawatakieni usiku mwema.